Si uzee tu, ni ugonjwa

Mwandishi umesema wazee kusahau ni kawaida ya umri. Hapo sikubaliani nawe. Mama yangu, huku Tukuyu, alianza kwa kuuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Tukasema ni uzee. Mwaka uliofuata akapotea akitoka sokoni, njia aliyopita na mikungu ya ndizi tangu usichana wake.

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, mara nyingi huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana ya jana yanafutika, ya utotoni yanabaki. Sasa Kiswahili kimemtoka, anaongea Kinyakyusa tu, na mimi ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Naitika. Majirani wengine walinong'ona uchawi. Hilo lilituumiza sana.

Jioni ndiyo ngumu zaidi. Anajifunga kanga, anashika kapu, anataka kwenda nyumbani, na yuko nyumbani. Nimeacha kubishana naye. Namshika mkono, tunazunguka migomba, tunarudi, anakaa.