Huku kidole changu wanakiogopa, Bongo wanakivuta tu

Juzi nimejiunga na jim karibu na ninapokaa, nje kidogo ya Chicago, na mlangoni wana kile kimashine cha kuweka kidole ndio geti lifunguke. Kabla hata sijanyoosha mkono dada wa mapokezi akanipa karatasi, akasema soma kwanza. Imeandikwa wanachukua nini, cha kazi gani, watakaa nacho mpaka lini na watakifuta lini, halafu chini sehemu ya kusaini. Nikamuuliza, na nisiposaini? Akasema hamna shida, akafungua droo akanipa kadi, tukamaliza. Hakununa, hakumwita meneja, hakuniuliza naficha nini. Nilifurahi kwa kweli, nikampigia dada yangu Dar kumhadithia, akanijibu "wewe umeshakuwa Mmarekani, kidole tu hicho".

Sawa, tuongee hicho kidole tu.

Usajili wa laini za simu kwa alama ya kidole wa 2019 sina haja ya kuwasimulia, foleni za vitambulisho vya taifa vya NIDA mnazijua, na ile tarehe ya mwisho ya 31 Desemba ilivyosogezwa mpaka 20 Januari 2020 mnaikumbuka. Ninayotaka kusema ni ya mama yangu mkubwa. Kalima maisha yake yote, jembe limemsugua vidole mpaka mistari haionekani vizuri. Nilipokuja likizo alikuwa kapoteza simu, nikampeleka kwa wakala mmoja wa mwavuli pale Mwenge kurudisha laini. Kijana anamwambia mama haijasoma, sugua kwenye nywele kidogo, weka tena. Haijasoma, lete kingine. Rudia hicho cha kwanza. Bado mama, bonyeza kwa nguvu. Yeye hana miwani, kile kisimu cha wakala hakioni kinaandika nini, anaweka tu kila anapoambiwa weka, na kila akiweka kanataa kanawaka. Karatasi hamna, maelezo hamna, kusaini hamna. Tukalipa tukaondoka.

Jioni nyumbani tukapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina lake, tukakuta mbili hazijui kabisa. Nahisi kuna "haijasoma" iliyokuwa imesoma.

Kesho yake tukaenda ofisi ya kampuni ya simu. Yule wa kaunta hakuwa mkorofi, niseme ukweli, ila alimwangalia mama akamuuliza "kwani imekudhuru nini mama, kuna hela imeibiwa?" Tukasema hapana. "Basi msiwe na wasiwasi, tutazifunga." Ndio ikaisha hivyo. Nani kazisajili, kidole chake kimehifadhiwa wapi, kimetumika kufanya nini kingine, hakuna aliyeona kama hayo ni maswali.

Hilo la imekudhuru nini ndilo linaniuma mpaka leo, maana huku nilipo swali hilohilo lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo letu la Illinois. Mtoto wa miaka 14 alienda kwenye bustani ya michezo ya Six Flags pale Gurnee, wakamchukua alama ya dole gumba kwa ajili ya tiketi ya msimu, mama yake hakupewa karatasi yoyote wala hakuombwa ruhusa. Mama akashtaki. Kampuni ikajitetea kwamba mtoto hajadhurika chochote, hajaibiwa, sasa anadai nini. Januari 2019 majaji wote wakasema hapana, kuchukua alama ya mtu bila kufuata sheria tayari umemdhulumu haki yake, sio lazima asubiri aibiwe kwanza ndio aje mahakamani. Niliposoma ile kesi nilimuwaza mama mkubwa na vile vidole vyake.

Sheria yenyewe wanaiita BIPA, sheria ya Illinois ya faragha ya alama za mwili, ya mwaka 2008, na haikutoka hewani. Kulikuwa na kampuni inaitwa Pay By Touch, watu wanalipia bidhaa dukani kwa kidole, kampuni ikafilisika, ndio watu wakashtuka, zile alama zitauzwa pamoja na mali nyingine za mufilisi au itakuwaje? Bunge la jimbo likatunga sheria: biashara ikitaka alama ya kidole, mboni, sauti au umbo la uso wako ikuambie kwa maandishi, ikupe sababu na muda, usaini, isiiuze, na isizidishe miaka 3 tangu muachane. Halafu wakaweka kile kitu ambacho kwetu hakipo, kwamba wewe mwenyewe raia wa kawaida unaweza kwenda kushtaki na kiasi kimeandikwa humo humo kwenye sheria, dola 1,000 kama ni uzembe, dola 5,000 kama ni makusudi. Facebook walitambua nyuso za watu kwenye picha bila ruhusa wakakubali kulipa dola milioni 650, na 2022 watu wa kawaida wa Illinois waliojaza fomu ya madai wakapokea karibu dola 400 kila mmoja. Kwa hiyo yule dada wa jim sio kwamba kalelewa vizuri kuliko kijana wa mwavuli. Bosi wake anaogopa.

Najua mtasema nawasifia Wazungu, nimesahau nilikotoka. Hapana jamani. Ukivuka mpaka tu hapo Indiana huna hiyo haki ya kushtaki mwenyewe, na Texas wana sheria yao lakini anayeshtaki ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo, sio wewe. Hata hii ya Illinois serikali haimo na benki hazimo. Mimi mwenyewe nimetoa vidole vyote kumi kwa ajili ya viza na hakuna aliyenipa kadi mbadala. Na wafanyabiashara wa huku hawakuipenda, wameipiga vita miaka yote, 2024 wakafanikiwa ikapunguzwa, sasa wakikuchukua alama mara mia unalipwa kama mara moja. Kwa hiyo sisemi wao ni watu wema kuliko sisi, nasema wamewekewa gharama.

Mwingine ataniambia hata kwetu sheria ipo. Ipo, na najivunia ipo! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, Tume ya kuisimamia ipo, na alama za mwili zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti zinazotaka idhini ya maandishi ya mwenyewe. Imeandikwa vizuri kabisa. Sasa nitafutie wakala mmoja kuanzia Mwenge mpaka Mbagala mwenye hiyo karatasi ya idhini, nitumie picha. Hatuna shida ya kutunga sheria sisi, hilo tunaliweza sana, shida mtu akiivunja hapotezi hata shilingi ya chai.

"Lakini vidole vimesaidia usalama, matapeli wamepungua." Wamepungua wapi? Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mimi hata nikiwa likizo inanifikia, na kila moja inatoka kwenye laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu. Kidole cha nani? Ndio mniambie. Kama laini mbili za mama mkubwa zingetumika kumtapeli mtu, polisi wangegonga mlango wa nani? Halafu aende kuwaeleza kwamba haijasoma ilikuwa mara nyingi? Neno la siri ukiibiwa unabadilisha jioni hiyohiyo, yeye ana zaidi ya miaka 70, vidole vingine atavitoa wapi.

Na wale wanaosema Mwafrika hajali mambo haya, mpe hela atakupa hata jicho, mnawasema majirani zetu wa Nairobi waliojipanga kwenye ukumbi wa KICC 2023 kuskaniwa mboni na Worldcoin, wale wa sarafu ya kidijitali. Mimi siwacheki. Ilikuwa kama shilingi elfu saba za Kenya, na mtu mwenye kodi ya nyumba usimhukumu. Angalieni kilichofuata lakini. Serikali ilisimamisha, taasisi ya hapohapo Kenya, Katiba Institute, ikaenda mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile taarifa zifutwe ndani ya siku 7, kwa sababu ruhusa iliyonunuliwa kwa hela namna ile sio ruhusa, na tathmini ya madhara haikufanyika. Majaji wetu, mawakili wetu, Afrika Mashariki hii hii. Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya ulaya.

Mama mkubwa tumemuandikia malalamiko yake kwa Tume, na namba zile mbili zipo kwenye barua. Dada yangu huyuhuyu wa "kidole tu" ndiye aliyepiga chapa. Tumeomba kampuni ya simu iulizwe nani alizisajili na idhini yake iko wapi, na tumedai fidia, tena tumetaja kiasi. Mtu wa kaunta akiuliza tena imekudhuru nini, safari hii aulize kwa maandishi.