Shofaji si ya Wazungu peke yao

Juni, Lubumbashi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anayedhani Kongo yote ni joto aje asimame nami nje saa hiyo. Mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hata chini ya nyuzi 10. Akina mama wauza mikate wanajifunga vitenge viwili viwili, walinzi wanaota moto wa maboksi, kila anayepumua anatoa moshi. Lakini nenda garaji useme shofaji ya gari lako, kile chombo cha kupasha joto ndani, imekwama: fundi atakutazama kana kwamba umemwomba akutafutie kisahani cha majivu ya sigara.

Mimi nina Coccinelle, ile Volkswagen ndogo ya mviringo, ya 1971. Ilitoka Uitenhage, Afrika Kusini, ambako Volkswagen iliziunda gari hizo kuanzia 1951 hadi 1979. Ndiyo maana usukani uko kulia, na kwa kuwa huku kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, nikitaka kulipita lori barabara ya kwenda mji wa Likasi, abiria ndiye anayenichungulia mbele. Nilipoinunua, vishikio viwili vya shofaji, vile vidogo vilivyokaa ubavuni mwa breki ya mkono, vilikuwa kama vimechomelewa. Nikaipeleka kwa fundi. Jibu lake nalikumbuka hadi leo: "Mukubwa, shofaji ni ya Bazungu. Huku jua ni ya bure."

Nilipong'ang'ania, alikamata kishikio kwa mikono miwili akavuta kama anang'oa muhogo. Kitu kikakatika huko ndani, tak! Kishikio kikabaki kinacheza cheza. Hakushtuka. Aliingia chini ya gari na kipande cha waya, akafunga kitu, akatoka akijipangusa. "Sasa haitakusumbua tena." Nikamlipa. Naona haya kusema hivyo, lakini nilimlipa.

Nilikaa mwaka mzima bila kuliwaza jambo hilo. Kisha tukapata msiba Likasi, ikabidi nimpeleke mama mdogo. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, vioo tumevifunga kwa baridi, watu wawili tunapumua ndani ya kikopo. Hatujatoka hata mjini, kioo cha mbele kimekuwa cheupe. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine na kitambaa, napangusa tundu la ukubwa wa sahani, linaziba, napangusa tena. Malori ya madini yanakuja na mataa yao, na ule ukungu kwenye kioo unasambaza mwanga hadi huoni barabara iko wapi. Mama mdogo, kitenge amekizungusha miguuni hadi kiunoni, akaniuliza taratibu: "Mwana, hii motokari yako iko inalia nini?"

Pale ndipo nilipoelewa kwamba shofaji si anasa ya kupasha miguu tu. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu, hewa ya moto inapita hapo kuukausha ukungu. Na ukungu haungoji Juni. Mvua za Desemba zinauleta hata wakati hakuna baridi ya maana.

Basi wiki iliyofuata nililaza boksi chini ya gari nikalala juu yake. Coccinelle haina maji kwenye injini. Inapozwa kwa hewa. Feni kubwa iliyo nyuma inapuliza silinda, na sehemu ya hewa hiyo inapelekwa kwenye masanduku mawili ya joto, moja kila upande, yaliyoyavika mabomba ya ekzosi kama koti. Hewa inapita kati ya koti na bomba, inachemka, inasafiri ndani ya vizingiti vya milango hadi mbele. Kinachoiruhusu au kuizuia ni kilango kidogo cha bati kwenye kila sanduku, chenye mkono wa chuma na springi inayokirudisha. Ukivuta kishikio pale kwenye breki ya mkono, kebo mbili zinapita ndani ya uti wa gari, zinatokea nyuma huku na huku ya gia boksi, zinavifungua vilango. Kishikio cha pili kazi yake ni kugawa joto kwa wanaokaa nyuma. Hakuna umeme, hakuna kompyuta.

Sasa ona kosa la fundi wangu, na ndilo kosa ninalolionea uchungu kuliko zile pesa. Kishikio kikigoma, kilichokwama kinaweza kuwa kebo ndani ya bomba lake au kilango chenyewe huko nyuma. Ukivuta kwa nguvu hujui unapigana na nani, na katika vita hiyo kebo ndiyo dhaifu. Ilitakiwa alegeze kwanza kile kibano kinachoshika ncha ya kebo kwenye mkono wa kilango. Nati moja, dakika tano. Ukishaitenganisha unajaribu kila kimoja peke yake. Mimi nilipofanya hivyo (baada ya kukata waya wake, ambao niliuhifadhi kama kumbukumbu) nilikuta kilango cha kushoto kinacheza vizuri kabisa. Cha kulia ndicho kilichoganda kwenye ekseli yake, mahali pembamba kuliko kalamu. Na kebo iliyokatika ilikuwa ya kulia.

Ile ekseli niliimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikaiacha ilale. Asubuhi nikaigongagonga kwa kipini cha nyundo, si kichwa chake, nikamwaga tena. Siku ya pili nikaishika kwa koleo nikaisukuma upana wa punje ya mchele, nikairudisha. Mbele, nyuma, mafuta, mbele, nyuma. Ukitaka iende yote kwa mara moja utaikata. Mnamo saa saba mchana kile kilango kikatoa mlio wa kukwaruza, kikafunguka hadi mwisho, kikamwaga kutu nyekundu usoni kwangu. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kichafu namna ile.

Kebo mpya niliagiza kwa dereva wa lori anayepita mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusini. Ilichukua majuma matatu. Watu walinishauri nitumie kebo ya pikipiki, lakini ni fupi, na kuunga kebo mbili ni kujitengenezea fundo litakalokwama mule ndani ya bomba. Ya zamani ilitoka kwa kuvutwa kutoka mbele, imevaa matope makavu. Matope yaliingilia nyuma, kwa sababu vile vimpira vinavyoziba mahali kebo inapotokea vilishakauka na kuanguka. Mimi nilivirudisha, nikaipaka kebo mpya grisi urefu wake wote kabla ya kuipitisha. Bila vimpira, masika moja tu na vumbi jekundu la Katanga vingeikwamisha tena.

Kuna neno moja ambalo lingenifanya nimtetee fundi yule, kama angelisema. Masanduku haya yanazunguka ekzosi. Bomba la ndani likitoboka kwa kutu, hewa inayokuja miguuni mwako inachanganyika na moshi wa injini, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua watu waliofunga vioo kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo kabla ya kuungisha kebo nilifungua mabomba ya hewa pande zote, nikamulika kwa tochi, nikapitisha kitambaa cheupe kutafuta masizi. Yangu yalikuwa mazima. Sanduku likiwa limetoboka, usitie kiraka cha juu juu. Ni kulibadilisha, na hadi siku hiyo kilango kibaki kimefungwa. Laiti angeniambia, "Mukubwa, hapa kuna tundu, ndiyo maana nimefunga," ningemshukuru hadi leo. Lakini hakumulika. Alifunga kwa kuwa kufunga ni rahisi.

Na si Coccinelle peke yake. Kwenye Peugeot na Mercedes za zamani zenye maji, mabomba ya shofaji yanakatwa na kuunganishwa ili maji yasipite ndani, eti bomba moja la kuvuja limepungua. Kwa imani hiyo hiyo wanang'oa hata kidhibiti joto cha injini, "Afrika hakuna baridi", injini inatembea ikiwa vuguvugu tu, inakunywa mafuta zaidi na kulika mapema. Gari la maji likianza kuchemka mlimani, dereva anayejua hufungua shofaji hadi mwisho, hata kama ni Oktoba na jua linapasua kichwa, maana ile radieta ndogo ya ndani inapunguza joto la injini hadi ufike pa kusimama. Utafungua nini kama ulishaikata?

Wanachoniambia marafiki ni kwamba nahangaikia kitu cha wiki sita kwa mwaka. Sawa. Lakini kishikio hicho kilikwama kwa sababu mwenye gari kabla yangu naye alihesabu hivyo hivyo. Mimi sasa nakivuta na kukirudisha kila Jumamosi nikiosha gari, Oktoba na joto lake, jirani wanacheka.

Juni hii tulirudi Likasi na mama mdogo. Joto la Coccinelle linafuata mwendo wa injini, kwa hiyo mjini, kwenye foleni, halikuwa kitu, na nilianza kuona aibu. Tulipofunguka barabarani likaja. Kioo kikajisafisha kuanzia chini kwenda juu, taratibu kama pazia linalopandishwa. Mama mdogo akavua kile kitenge, akakikunja mapajani.

Tatizo lililobaki ni visahani vinavyokibana kishikio kisirudi. Vimelika, vipya bado sijavipata. Kila tukipita kwenye shimo, springi kule nyuma inavuta, kishikio kinashuka, na baridi inarudi miguuni. Mara ya tatu mama mdogo alinyoosha mkono, akakishika. "Endesha, mwana. Hiki niachie mimi." Akakishikilia hivyo hadi Likasi.