Bima ya kumridhisha afisa wa viza

Mwezi uliopita binti wa mama mdogo alinitumia ujumbe: "Kaka, nimepata bima ya afya! Euro 33 tu kwa mwezi." Akaambatanisha picha ya ukurasa wa kwanza, wenye jina lake, namba ya pasipoti na ule mhuri unaotutuliza Watanzania kuliko maelezo yoyote. Septemba anaondoka kwenda Ujerumani kusoma shahada ya uzamili. Nilitaka kumpongeza, vidole vikagoma.

Vilikuwa na sababu. Na mimi nilikwenda hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 31, nimeshafanya kazi Dar es Salaam miaka sita, nikaingia ofisi moja ya bima pale Posta saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilikuwa nje na karatasi yangu. Dada wa kaunta aliniuliza naenda nchi gani na nataka siku ngapi. Habari za afya yangu hakuzigusa. Mimi nilimuuliza bei, basi.

Karatasi ile ilifanya kazi yake. Viza ya muda mfupi ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hudai bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na hata sisi wa viza ya masomo huwa tunaingia na bima za sampuli hiyo kwa ajili ya wiki za mwanzo. Afisa akaiona, akaridhika. Nikaamini nina bima. Kumbe nilikuwa na kiambatisho cha fomu ya viza.

Chuoni wakaniambia bima ya safari haitambuliki kwa usajili. Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo hakuna wakala wa vyuo aliyewahi kunitajia: Ujerumani mwanafunzi hujiunga na mfuko wa bima wa umma kwa mchango nafuu wa wanafunzi, siku hizi euro 140 na ushei kwa mwezi, na mfuko haujali kama una kisukari, pumu au miwani minene. Unatoa kadi kwa daktari, unatibiwa, unarudi nyumbani. Lakini mlango huo hufungwa ukitimiza miaka 30. Sasa niambie, ni Watanzania wangapi wanaofika huko kwa shahada ya pili kabla ya miaka 30? Wengi wetu tunasoma, tunatafuta kazi, tunasomesha wadogo, ndipo tunakumbuka ndoto zetu. Ukienda kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kusomesha wageni, wao wanakukatia bima. Ukienda kwa nguvu zako na umri umesogea, unaachiwa soko la kampuni binafsi, na huko ndiko nilikookota bima yangu ya pili, kwenye mtandao, isiyofika euro 40 kwa mwezi.

Nilikuwa nimezoea kadi ya nyumbani. Enzi zangu za chuo, kadi ya mwanafunzi ya NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa Sh 50,400 kwa mwaka, na swali lilikuwa moja tu dirishani: inakubali, haikubali. Kwa hiyo kichwani mwangu bima ilikuwa kadi. Sikujua kwamba bima ni mkataba, na kwamba mkataba una ukurasa ambao ndio wenye mambo yenyewe.

Novemba ile baridi ilikaza. Usiku mmoja kifua kikabana, na inhela niliyotoka nayo Dar ilikuwa imebaki ganda. Jirani yangu wa bwenini akapiga 112, gari la wagonjwa likaja. Daktari kijana, mpole, akaniuliza kama nimewahi kupata hali ile. Nikamjibu kwa ukweli wote wa mtu anayetafuta pumzi: nina pumu tangu utotoni. Akaandika.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoniponza. Bili ilipokuja, wiki kadhaa baadaye, nikaituma kwa kampuni. Wakaomba ripoti ya hospitali. Wakaisoma. Wakanijibu kwa barua ya heshima sana kwamba ugonjwa niliokuwa nao kabla ya kukata bima haumo kwenye mkataba, tazama kifungu fulani. Nikatazama. Kweli kilikuwepo, ukurasa wa 14, herufi za ukubwa wa sisimizi. Euro 1,140. Hospitali ilikubali nilipe kidogo kidogo, euro 95 kwa mwezi, mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe: bima yangu "ya bei rahisi" pamoja na deni lile ilinigharimu karibu sawa na mchango wa mfuko wa umma ambao nilikuwa nauona wa matajiri.

Siwalaumu wale wa kampuni kwa kufuata mkataba wao. Ninalaumu biashara ya kumuuzia mtu wa miaka 31 mkataba bila kumuuliza swali hata moja kuhusu mwili wake, huku ikijulikana swali litakuja, ila litakuja baada ya kuumwa. Na hapa nyumbani nasema wazi: bima inayouzwa Dar, Arusha au Zanzibar, kwa mteja anayeongea Kiswahili, ukurasa wake wa mambo yasiyolipwa uwe wa Kiswahili. Mamlaka ya bima tunayo. Kama risiti ya umeme tunaisoma wenyewe, hili nalo linawezekana.

Wenzetu wanaokwenda Uingereza hunung'unika kuhusu ada ya afya inayolipwa pamoja na viza. Wana haki ya kunung'unika. Ilianza Aprili 2015 ikiwa pauni 150 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na tangu Februari 2024 ni pauni 776, tena unalipa muda wote wa viza kwa mkupuo. Shahada ya mwaka mmoja, pamoja na ile miezi ya ziada inayowekwa kwenye viza, inafika pauni 1,164 kabla hujapanda ndege. Inauma. Lakini ukishalipa, NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hawakuulizi pumu yako ilianza lini. Ukiwa England bado utalipia dawa ulizoandikiwa, na meno yako utayagharamia, ila usiku kifua kikibana huna haja ya kukumbuka kifungu. Ningepewa nichague, ningechagua maumivu ya mara moja.

Marekani ni ulimwengu wake. Mwenye viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, anabanwa na sheria: kinga ya angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na kiasi cha kujilipia mwenyewe kwanza kisizidi dola 500. Mwenye F-1, viza ya kawaida ya mwanafunzi, serikali haimlazimishi, chuo ndicho kinachoamua, na mara nyingi bima ya chuo ni maelfu ya dola kwa mwaka. Ndipo vijana wanapotafuta ya bei chee ili waombe kusamehewa ile ya chuo. Naelewa kabisa. Mimi ni nani niwacheke?

Ila katika masharti ya J-1 kuna jambo moja linalonisimamisha kila nikilisoma: dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani. Wamarekani waliwaza kifo cha mgeni wao na kukiandikia kiwango. Sisi tunaona ni uchuro. Bado mtu hajaondoka, unamuuliza habari za jeneza? Matokeo yake tunayajua wote tulioko kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa ughaibuni. Simu inaita alfajiri, fulani amefariki, na kabla ya saa sita mchana kuna kundi jipya lenye picha yake na namba ya mweka hazina. Nimechangia mara nyingi. Nitachangia tena, maana mtu wetu hatutamwacha kwenye jokofu la ugenini. Lakini nimeona pia mchango ukisuasua wiki ya tatu, mama yuko kijijini amekaa msibani bila mwili, na mweka hazina amechoka kubembeleza watu ambao mwezi huo huo wameshachangia msiba mwingine. Ada ile ya NHS hairudishi mwili. Bima nyingi za safari hurudisha, kama tu sababu ya kifo haimo kwenye ule ukurasa wa sisimizi.

Basi nikampigia binti wa mama mdogo badala ya kuandika. Ana miaka 28. Nikamweleza kwamba bado ana haki ya mfuko wa umma, na kwamba akiomba kuondolewa humo ili abaki na hiyo ya euro 33, hatarudishwa kama mwanafunzi mpaka amalize masomo. Akanyamaza. Akasema, "Kaka, tofauti ni zaidi ya euro 100 kila mwezi." Nikasema najua. Nikamuuliza kama bado anatumia vidonge vya presha. Akanyamaza tena.

"Nitumie mkataba wote," nikamwambia.

"Una kurasa 38."

"Anza na wa mwisho."