Mashine ya kuchonga kwenye mtandao wa karakana: wanaotaka kuiunganisha wanataka nini hasa?

Miongoni mwa mafundi wa milango hapa Bagamoyo kuna kauli inayorudi kila inapotajwa mashine ndogo ya kuchonga ya mezani, ile ya CNC inayoongozwa na kompyuta: ichomeke kwa waya wake wa USB, simama kando yake, mambo ya mtandao waachie watu wa ofisini. Kauli hiyo haitokani na uvivu wala kuogopa vitu vipya. Inatoka kwa watu wanaojua biti, kile chuma cha kukatia mbao, inayozunguka mara 10,000 kwa dakika inavyoweza kumkata mtu kidole.

Nawaheshimu, ila upande wa pili haujasikilizwa sawasawa. Anayetaka kuunganisha mashine na mtandao wa karakana huonekana kama mtu anayetaka kuchonga mlango akiwa kitandani kwake. Wengi hawataki hilo hata kidogo. Wanataka laptopu itoke kwenye vumbi la mbao, na kazi inayochukua saa nne isiharibike kwa sababu ya waya.

Suala la gharama nalipita haraka. Mtandao wa ndani hauli bando. Ruta isiyo na laini yoyote, ikiwashwa tu, inaunganisha kompyuta ya mchoraji na mashine iliyo chumba cha pili, na faili halitoki nje ya ukuta.

Uzito uko kwenye huo waya wa USB. Mashine nyingi za mezani huendeshwa na GRBL, programu iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwei mwaka 2009, na mara nyingi hukaa kwenye bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Arduino. Kumbukumbu ya bodi hiyo ni finyu: sehemu ya kupokelea maelekezo ina baiti 128 tu, na foleni ya mijongeo hubeba hatua 16 hivi. Faili la ua moja lililochongwa kwa kina linaweza kuwa na mistari laki kadhaa ya maelekezo. Kwa hiyo faili zima haliingii kwenye mashine. Kompyuta huilisha mstari baada ya mstari, bodi ikijibu kila mstari, tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Sasa laptopu ijizime skrini na kulala. Au ianze kujisasisha. Au mota ya biti itoe kelele za umeme, ziingie kwenye waya na kukata mawasiliano, jambo ambalo kila aliyetumia mashine hizi kwa muda amelionja. Mashine humaliza zile hatua chache zilizobaki kwenye foleni, kisha husimama. Mota haisimami, kwa kuwa hakuna aliyeiagiza isimame. Inaendelea kuzunguka palepale, ndani ya mninga, katikati ya ua la mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Moshi mwembamba unapanda, na ukiinua biti unakuta duara jeusi lililozama kiasi kwamba msasa hauliondoi. Ukichomeka upya, Arduino hujiwasha tena mara tu programu inapofungua mawasiliano, na namba za mahali ilipokuwa zinapotea. Mashine ikiwa na swichi za kuirudisha kwenye mwanzo wake, utajiokoa. Nyingi za bei ndogo hazina, basi utakadiria kwa macho. Kwenye nakshi ya mnyororo inayozunguka fremu, pete moja ikihama nusu milimita, hata mteja asiyejua lolote atauliza kulikoni.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndipo mjadala unapopotea. Lawama huangukia mashine, au bei ya biti, wakati waya wa mita moja na nusu ndio ulioharibu ubao.

Waya wa LAN, yaani ule wa mtandao wa ndani unaotoka kwenye ruta, unastahili kutetewa mahali hapo. USB huunganisha ardhi ya umeme ya kompyuta na ya mashine moja kwa moja, kwa hiyo kelele ya mota ina njia ya kupita. Tundu la LAN lina transfoma ndogo ndani yake, na kiwango chake kinadai listahimili volti 1,500 kati ya upande mmoja na mwingine. Ishara inapita, ardhi hazigusani, mradi usinunue waya wenye ganda la chuma lililofungwa pande zote mbili. Na wakati USB ya kawaida inaishia mita 5, LAN inafika mita 100, umbali unaotosha kutoka meza ya mchoraji hadi uani kwenye maranda. (Hewa ya bahari hula miguu ya soketi zote mbili, hapo hakuna mshindi.)

Hata hivyo, namna ya kuunganisha ina maana kubwa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ikiwekwa kando ya mashine na programu ya kuiongoza kama CNCjs, faili linakaa kwenye Pi na laptopu inaweza kuzimwa kazi ikiendelea. Kipande kifupi cha USB bado kipo kati ya Pi na bodi, nacho kisipitishwe karibu na nyaya za mota. Bodi ya ESP32 yenye programu ya FluidNC, inayochukua nafasi ya GRBL, hupokea faili kwa waifai na kuliweka kwenye kadi ya SD ya mashine. Likishafika, mtandao ukikatika kazi inaendelea kama kawaida. Bodi ya Teensy 4.1 yenye programu ya grblHAL inaweza kuchukua waya wa LAN moja kwa moja. Ninachokipinga ni kulisha mistari mmojammoja kupitia waifai wakati mashine inachonga. Hapo umeondoa waya wenye kasoro na kuweka hewa yenye kasoro zaidi, hasa simu za watu wote karakanani zinapogombea masafa yaleyale.

Wazee wa fani wana hoja moja ambayo siipunguzii uzito. FluidNC isipoguswa mipangilio yake, hufungua waifai kwa neno la siri 12345678. Mawasiliano yake ya Telnet, njia ya kuituma amri kwa mtandao, hayafichi chochote. Aliye kwenye ruta ileile anaweza kutuma amri ya M3 na mota ikaanza kuzunguka huku mwanafunzi akiwa anakaza biti kwa spana. Kwenye waya wa USB hatari hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya mashine. Kitufe cha kusimamisha kilicho kwenye skrini ya simu nacho kinaweza kuchelewa au kisifike kabisa. Kitufe chekundu cha dharura lazima kiwepo, na kikate umeme wa mota kwa waya, bila kupita kwenye programu yoyote.

Kwangu hoja hiyo inadai masharti, haidai kukataa. Mashine iwe na ruta yake, wageni wasipewe. Neno la siri libadilishwe kabla ya ubao wa kwanza kufungwa. Faili litumwe kwa mtandao, lakini kazi ianzishwe na aliyesimama mbele ya mashine, ambaye ameshaangalia kibano na biti kwa macho yake.

Karakana yenye mashine moja, na mtu anayechora na kuchonga mwenyewe, kadi ya SD ya kuhamisha kwa mkono inamtosha, na sitamshawishi anunue zaidi. Mambo hubadilika mchoraji na mchongaji wanapokuwa watu wawili. Mteja akibadilisha kipimo cha mfaa saa nne asubuhi, kadi iliyochomekwa saa tatu bado ina kipimo cha zamani, na mashine itakichonga hichohicho hadi mwisho.