Gitaa Langu Halina Pepo

Kama uko kwenye lile kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa, klipu ya mpiga ngoma wetu umeshaiona. Amekata mwanzo, amekata mwisho, amebakisha aibu yangu peke yake. Ngoja niseme mwenyewe kabla haijawafikia shangazi zangu Kakamega.

Besi yangu, gitaa ninalopigia kanisani, ilikuwa inakwaruza. Ukizungusha volumu, krrr. Ukizungusha toni, krrr, kama kuku anayechakura juu ya mabati. Uchunguzi niliufanya vizuri, hapo nipeni maksi zangu. Nilitikisa waya kwenye jeki, pale unapochomekwa: kimya, kwa hivyo si jeki. Nikabadilisha waya: bado. Inakwaruza nobu, kile kirungu cha kuzungusha, ikizunguka tu. Nayo ni besi isiyo na betri. Zile za betri, kapasita (kijidude cha kuhifadhi umeme) ikivujisha umeme hadi kwenye poti (kile kifaa kilicho chini ya nobu), utasafisha mpaka uchoke na kelele iko palepale. Yangu ilikuwa poti chafu. Mle ndani kuna utepe wa kaboni na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Vumbi na unyevu vikikaa hapo, ulimi unarukaruka. Na unyevu wa Kisumu mnaujua.

Dawa yake ni spreyi ya kusafishia viungo vya umeme. Sikuwa nayo. Jumamosi saa tatu usiku, Kondele, ningeipata wapi? Lakini ndugu yangu wa boda ana mkebe wa kulegeza nati zenye kutu. Nikajiambia, spreyi ni spreyi. (Wewe unayecheka, subiri.) Nikapuliza kila poti kama ninayeua mbu. Nikazungusha: kimya kitamu. Nikalala kama bwana.

Kumbe shingoni mwa poti hutiwa grisi nzito, ndiyo inayofanya nobu iwe nzito kidogo mkononi. Mafuta yangu yaliiyeyusha usiku kucha. Asubuhi nobu ilikuwa inazunguka hata ukiikoholea. Nikasema afadhali, imelainika.

Sasa twende polepole. Wakati wa maombi. Kinanda kimenyamaza. Nimeshusha volumu hadi sifuri, nimefumba jicho moja. Unasikia feni tu. Mchungaji ananong'ona: "Kama kuna roho chafu humu ndani, ijitambulishe."

Jasho likanitiririka puani. Nikainua mkono kulipangusa. Na mnajua majoho ya kwaya yetu, mkono mmoja unatosha kushona pazia. Ule mkono ukaipitia nobu. Niliiona ikizunguka, haki ya Mungu niliiona, taratibu, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. KRRRRRR. Nikashtuka, nikaidaka, kidole gumba kikajikwaa kwenye uzi wa E, ule mnene.

BUUUUM.

Roho ikawa imejitambulisha.

Mtoto akalia. Akina mama wa maombi wakanizingira, wawili wameshika kichwa changu, mmoja ameshika shingo ya gitaa. Mpiga ngoma alikuwa ameshika simu.

Jumatatu nikampelekea fundi, karibu na soko la Kibuye. Akafungua, akanusa, akauliza nani ametia mafuta humu. Nikamwambia nililinunua hivyo. Akapiga picha nyaya kabla ya kugusa solda, akatoa poti ya volumu iliyokwisha, akaweka mpya ya kilo-omu 250 yenye herufi A, ile inayopandisha sauti kama sikio linavyosikia. Kapasita ya toni, ya mikrofaradi 0.047, hakuigusa. Poti zilizobaki alizipulizia spreyi halali kupitia upenyo ulio juu ya miguu mitatu, mara moja fupi, akazungusha mwisho hadi mwisho mara 20 hivi, akaziacha zikauke. Haikuchukua hata saa moja.

Jana mazoezini mama mmoja wa maombi akanifuata na kichupa. Anataka kulipaka gitaa upako, hasa pale kwenye nobu.

"Mama, nakuomba," nikamwambia, "kila kitu isipokuwa mafuta."