Watu wa salamu tu

Ushauri unaozunguka sana siku hizi unasema: punguza mduara wako. Baki na watatu au wanne wa kufa na kuzikana, wengine wote ni kelele. Anayeutoa huwa amechoshwa na umbea, na mikopo isiyorudi, na makundi ya simu yanayolia usiku kucha, na ni vigumu kumlaumu. Tatizo liko kwenye hao “wengine wote”. Humo wametupwa pamoja watu wawili wasiofanana hata kidogo: yule anayekuumiza, na yule ambaye mnajuana kwa salamu tu.

Hoja ya kupunguza ina ushahidi wake, tena mzito. Mwaka 2006 James Coan na wenzake waliwaingiza wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia kwamba huenda wakapigwa shoti ya umeme kwenye kifundo cha mguu. Mara walishika mkono wa mume, mara mkono wa mtu wasiyemjua, mara hawakushika mkono wowote. Mkono wa mume ulituliza sehemu nyingi za ubongo zinazoshughulika na hatari, na kadiri ndoa ilivyokuwa nzuri ndivyo utulivu ulivyozidi. Jamaa wa salamu hawezi kazi hiyo, na hatakuja kukesha nawe wodini. (Mkono wa mgeni nao, tuutendee haki, ulituliza kidogo. Wanaonukuu utafiti huu hupenda kuiruka sehemu hiyo.)

Kuna pia gharama ya uhusiano mbaya. Mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua jozi 42 za wanandoa, wakawatia malengelenge madogo mkononi kwa kifaa cha kuvuta ngozi, kisha wakafuatilia yanavyopona. Kwa jozi zilizokuwa na ukali mwingi wao kwa wao, vidonda vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya jozi zenye ukali mdogo. Kwa hiyo anayesema “bora peke yangu kuliko na watu hawa” hasemi upuuzi. Lakini tazama ni nani aliyekichelewesha kile kidonda. Si mlinzi wa getini, wala yule mnayekutana naye kwenye ngazi kila asubuhi. Ni mtu wa ndani, wa karibu kuliko wote. Ukaribu unazidisha dawa na unazidisha sumu, ilhali ushauri wa kupunguza mduara huwaacha walio karibu wakae na kuwafagia walio mbali.

Sasa tuje kwenye utafiti unaostahili kusomwa polepole. Unahusu mafua.

Mwaka 1997 Sheldon Cohen, mwanasaikolojia wa Pittsburgh, alichapisha matokeo ya watu 276 wenye afya, wa miaka 18 hadi 55. Kwanza waliulizwa juu ya aina 12 za uhusiano: mwenzi wa ndoa, wazazi, wakwe, watoto, ndugu wengine wa karibu, majirani, marafiki, wafanyakazi wenzao, wanafunzi wenzao, wanaojitolea pamoja, wanachama wenzao wa vikundi visivyo vya dini, na waumini wenzao. Aina ilihesabiwa ikiwa mtu huzungumza na angalau mmoja wa kundi hilo, ana kwa ana au kwa simu, walau mara moja katika wiki mbili. Baada ya hapo kila mmoja alitiwa puani matone yenye virusi vya mafua, wakawekwa karantini. Hawakuulizwa tu kama wanajisikia vibaya. Tishu walizopengea zilikusanywa na kupimwa uzito, na rangi ilitiwa puani ili kuhesabu dakika inazochukua kufika nyuma ya koo, kipimo cha jinsi pua inavyojisafisha.

Kati ya wenye aina 1 hadi 3, waliougua walikuwa asilimia 62. Wenye aina 4 au 5, asilimia 43. Wenye 6 na kuendelea, asilimia 35.

Takwimu inayonukuliwa kila mahali ni nyingine: kwamba wenye aina chache wana hatari “mara 4.2”. Msomaji anayegawanya 62 kwa 35 anapata chini ya mara mbili na kuhisi amedanganywa. Hakudanganywa, ila hakuelezwa. Ukilinganisha waliougua na wasiougua ndani ya kila kundi, 62 kwa 38 huku na 35 kwa 65 kule, tofauti inafika karibu mara tatu. Marekebisho ya umri, jinsia, uzito, msimu, elimu na kingamwili mtu alizokuwa nazo tangu awali ndiyo yanayoipeleka 4.2. Kwa matumizi ya kawaida shika asilimia, achana na 4.2. Hata asilimia zenyewe ni za kushangaza, kwa sababu virusi viligawiwa sawasawa. Mtaani, anayekutana na wengi hukoholewa na wengi. Hapa kila pua ilipata matone yake, na bado mwenye watu wa namna nyingi alisimama vizuri zaidi.

Ubishi wa haki upo. Hakuna aliyegawiwa wakwe kwa kura. Huenda mtu mwenye mwili imara na moyo mchangamfu ndiye anayejikusanyia aina nyingi, na mwili huohuo ndio unaomlinda. Cohen alipima uvutaji sigara, usingizi, tabia ya kupenda kujitenga na mengine kadhaa. Vilieleza sehemu ya tofauti, si yote. Hiyo bado haitoshi kuwa uthibitisho wa sababu na matokeo. Tena mafua si ugonjwa wa moyo.

Kwa upande wa vifo tuna mkusanyiko wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa mwaka 2010: tafiti 148, watu 308,849. Wenye uhusiano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50. Wengi huishia hapo, na ndani yake kuna jambo kubwa zaidi. Tafiti zilizouliza tu kama mtu anaishi peke yake au na wengine zilipata tofauti ya asilimia 19. Zilizopima uhusiano kwa pande nyingi kwa pamoja, ndoa, ukubwa wa mtandao, kushiriki vikundi na kadhalika, zilipata asilimia 91. Kuwa na mtu nyumbani ni kitu. Kuwa na sehemu nyingi duniani ambako unajulikana ni kitu kikubwa zaidi.

Sasa mpigie hesabu yule aliyefuata ushauri wa kupunguza mduara. Ana mke, watoto wawili, na rafiki mmoja wa dhati aliyetoka naye mbali. Wote wanampenda. Kwa orodha ya Cohen ana aina tatu, yumo kundi la chini kabisa pamoja na mtu aliyetengwa. Mwenzake ana hao hao, ila humpigia mama yake kila Jumapili, husimama na jirani dakika tano, na huimba kwaya ambayo hajui majina kamili ya nusu ya wanakwaya. Tayari ana sita. Saa alizotumia kuongeza aina hizo tatu hazifiki tatu kwa wiki, na nyingi ni za mazoezi ya kwaya.

Mwenye macho makali atasema kwamba hesabu hii inafanya mahusiano kuwa kama mboga sokoni. Ndiyo, ni hesabu kavu. Inafaa hata hivyo, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho hisia hukificha: aina nyingi zinaweza kuwa zimening’inia kwenye kamba moja. Mtu anafanya kazi ofisi moja miaka ishirini. Wafanyakazi wenzake, marafiki zake, timu yake ya mpira na kikundi chake cha kuweka akiba, wote ni wa ofisi hiyo. Kwenye karatasi ni aina tatu. Siku anapostaafu, au kampuni inapofungwa, au anapohamishwa, zote huondoka pamoja na kitambulisho anachokirudisha mapokezi. Mwezi wa kwanza simu bado zinaingia. Mwezi wa tatu watu waliobaki kazini wamekosa la kumwambia, kwani kila walichokuwa wakizungumza kilikuwa cha kazini. Familia inaona amenyamaza na kudhani ni fedha.

Kinga yake ni ya kimitambo kabisa: watu wawili au watatu watolewe nje ya ofisi kabla ya siku ile, ikiwezekana mwaka mzima kabla. Muonane mahali pasipo pa kazi, kwa shughuli isiyo ya kazi, mara kadhaa, mpaka mzoee kuzungumza bila kumtaja bosi. Ahadi ya “tutatafutana” inayotolewa kwenye sherehe ya kuagana huwa haina siku wala saa, na ndiyo maana haitimii.

Ndipo tunarudi kwa watu wa salamu, ambao orodha hujengwa kutoka kwao kwa urahisi kuliko kutoka kwa wapya. Jeffrey Hall alikadiria mwaka 2018 kwamba kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, urafiki kamili kama 90, na urafiki wa ndani zaidi ya 200. Kwa saa mbili kila wiki, 200 ni karibu miaka miwili. Mtu mzima mwenye kazi na watoto atawamudu wangapi? Salamu inayochukua dakika tatu haidai chochote cha namna hiyo, na ina faida yake bila kungoja ikomae. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn waliwapa watu vifaa vya kubonyeza kila wanapozungumza na mtu, wa karibu na wa mbali wakihesabiwa kando. Siku zenye mazungumzo mengi kuliko kawaida na watu wa mbali zilikuwa siku za furaha zaidi. Hayo ni ya mwaka 2014. Mwaka huohuo Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio ya abiria wa treni Chicago: walioagizwa kumsemesha mgeni walifurahia safari kuliko walioagizwa kukaa kimya, wakati abiria wengine walipoulizwa wabashiri walisema itakuwa kinyume.

Ubashiri huo mbaya ndio unaoua salamu nyingi. Mwingine unakuja baada ya mazungumzo: tafiti za mwaka 2018 za Erica Boothby na wenzake zilionyesha kwamba watu wawili wakishaongea, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Unaondoka ukijilaumu kwa kusema sana, naye kule anajilaumu hivyohivyo, na kesho mnapishana mkitazama simu.

Namna ya kufanya haina siri. La kwanza ni saa, si maneno. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach waliwaingiza wanawake wanne darasani kwa idadi tofauti za siku, 0, 5, 10 na 15, bila kuzungumza na yeyote. Mwishoni wanafunzi walipoonyeshwa picha zao waliwapenda zaidi waliokuwa wamehudhuria zaidi. Anayefanya mazoezi kila siku kwa saa tofauti hukutana na sura mpya kila siku na kubaki mgeni mwaka mzima. Ashike Jumanne na Alhamisi, saa ileile, nusu ya kazi itajifanya yenyewe. Pili, salamu ikome pale swali moja linapopata jibu, na jibu likumbukwe: “Mtoto alipona?” wiki inayofuata ina nguvu kuliko mazungumzo ya nusu saa leo. Kinachoharibu mara nyingi ni haraka ya kupanda daraja, kumwomba mtu wa salamu mkopo, kumfungulia habari za ndoa yako, au kumwingiza kwenye kundi la michango wiki ya pili. Hapo anaanza kupita njia nyingine. Na ujumbe wa kupeleka mbele, ule wa maua na “asubuhi njema” uliotumwa kwa watu sitini kwa mpigo, usiuhesabu. Kwa kipimo cha Cohen, mtu alipaswa kuwa amezungumza.