Ugonjwa wa Fizi na Sonona: Nini Kinatangulia?

Shangazi yangu alikuwa na desturi ya kucheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Sisi watoto tulidhani ni haya tu, kumbe fizi zake zilikuwa zikivuja damu kwa miaka mingi, meno mawili ya mbele yamelegea, na yeye mwenyewe ameshajihukumu kwamba mdomo wake unanuka. Aliacha kukaa mbele katika shughuli, kisha akaacha kwenda kwenye shughuli kabisa. Na siku nilipomsindikiza kliniki ya meno, usingizi ulikuwa umemkimbia na chakula hakipiti. Daktari alimwondolea ugaga, yaani uchafu uliogandamana kwenye meno, akamwelekeza namna ya kupiga mswaki, akampangia tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemwuliza kuhusu usingizi.

Humkumbuka kila ninaposoma kauli, inayosambaa sana siku hizi, kwamba ugonjwa wa fizi huleta ugonjwa wa akili. Kauli hiyo huegemea zaidi utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, uliochapishwa Desemba 2021 katika jarida la BMJ Open. Watafiti walichukua kumbukumbu za watu 64,379 ambao madaktari wao wa kawaida walikuwa wameandika kuwa wana ugonjwa wa fizi, wakawalinganisha na wengine 251,161 wasio na maandishi hayo, na kuwafuatilia kwa wastani wa miaka 3.4. Walikuta kwamba uwezekano wa kupata maradhi ya akili, yakiwemo sonona (huzuni nzito isiyokwisha) na wasiwasi uliopita kiasi, ulikuwa juu kwa asilimia 37 kwa wenye ugonjwa wa fizi. Asilimia hiyo haisemi kwamba wagonjwa 37 kati ya 100 wataugua akili. Inasema kwamba pale ambapo wangeugua watu 100 katika kundi lisilo na ugonjwa wa fizi, katika kundi la ukubwa uleule lenye ugonjwa huo wangeugua 137 hivi.

Wanaoamini kwamba fizi ndizo chanzo wana hoja ya kimwili, na si hoja ya kubezwa. Ukoga unapokaa kwenye shina la jino, bakteria wake huuamsha mwili kujihami, fizi huvimba, na uvimbe usiokwisha humwaga katika damu kemikali za kinga kama interleukini-6, ambazo hukutwa zimepanda pia kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona. Lakini vitu viwili kukutwa pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Mwaka 2019 kundi jingine la watafiti lilitangaza kwamba bakteria wa fizi aitwaye Porphyromonas gingivalis amekutwa katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu polepole. Ikajaribiwa dawa ya kumdhoofisha, kwa wagonjwa 643, na matokeo ya Oktoba 2021 yakaonyesha kwamba kwa jumla haikupunguza kasi ya ugonjwa. Alzheimer si sonona, lakini funzo lake linatuhusu.

Utafiti wa Birmingham wenyewe unahitaji kusomwa kwa utulivu. Kati ya wale 64,379, watu 60,995 walikuwa na uvimbe wa fizi, hali nyepesi ambayo kwa kawaida hurudi nyuma mtu akisafishwa na kudumisha usafi; waliokuwa na ugonjwa unaokula mfupa unaoshika jino walikuwa 3,384 tu. Isitoshe, Uingereza mtu mwenye tatizo la fizi huenda kwa daktari wa meno. Anayemweleza daktari wake wa kawaida huenda ni yule anayemwona mara kwa mara, na mtu wa namna hiyo sonona yake nayo huandikwa upesi kuliko ya mtu asiyekanyaga kliniki.

Tena njia hupitika kutoka upande wa pili, na kwa maoni yangu ushahidi wa upande huo uko wazi zaidi. Mtu aliyezamishwa na sonona huona kunyanyua mswaki ni kazi nzito. Hula ovyo, na mvutaji huongeza sigara. Katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi waliozongwa na hofu, uchovu, tumbaku na uchafu walioza fizi kwa maumivu makali. Dawa nazo zina sehemu yake. Amitriptilini, inayotumika sana kutibu sonona, hukausha mate, na mate ndiyo ulinzi wa kwanza wa kinywa. Fenitoini, dawa ya kifafa, huweza kuzifanya fizi zikue hadi zikafunika meno, jambo linalokadiriwa kuwapata takribani nusu ya wanaoitumia. Nchini Tanzania wagonjwa wengi wa kifafa hutibiwa katika kliniki za afya ya akili, kwa hiyo mtu anaweza kupokea dawa hiyo mwezi baada ya mwezi bila yeyote kumwambia afungue mdomo.

Kuna pia njia isiyohitaji kemikali yoyote, nayo ni aibu. Katika lugha yetu, kumwambia mtu kwamba mdomo wake unanuka ni kumtukana, na anayeogopa kuambiwa hivyo hujiondoa mwenyewe: huongea akiwa mbali, hukwepa daladala iliyojaa, huacha kuimba kwaya. Upweke wa namna hiyo unatosha kumwangusha mtu. Hata hivyo sitaki kuipa aibu uzito usio wake, kwa sababu ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi, na wengi wanao bila kujua. Asiyejua kwamba anaugua hawezi kuuonea aibu.

Hofu yangu ni kwamba kauli ya "fizi huleta sonona" itamfanya mgonjwa aache dawa zake akitarajia kwamba kusafishwa meno kutamtibu. Fizi zitibiwe kwa kuwa ni fizi.

Wapo wanaopinga kumwongezea daktari wa meno kazi ya kuuliza habari za akili, na hoja yao ni nzito. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2014 hadi 2019, kanda ya Afrika ilikuwa na madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, wakati wastani wa dunia ulikuwa 3.28. Pia kumwuliza mtu kuhusu huzuni yake huku huna pa kumpeleka ni kumwongezea mzigo. Hata hivyo, maswali ya kuanzia ni mawili: je, kwa wiki mbili zilizopita umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na je, umekuwa mnyonge au kukata tamaa? Muuguzi anaweza kuyauliza akijaza kadi, na mwenzake wa kliniki ya akili akamulika kinywa cha anayetumia fenitoini au amitriptilini.

Fizi za shangazi zilitulia ndani ya miezi mitatu. Kanga iliendelea kupanda mdomoni kwa zaidi ya mwaka, hadi muuguzi mmoja wa zahanati, akimpima shinikizo la damu, alipomwuliza kama analala.